Picha ya mapangaboi ya upepo iliyoletwa kijijini kwetu: nimeipima kwa rula, haisemi kweli

#1 MpimaViwanja

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mpima ardhi, nipo Dodoma kikazi, ila kwetu ni Singida vijijini. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia: kuna mkutano wa kijiji, wawekezaji wanataka kusimika mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo, yale mapangaboi makubwa, kuanzia nyuma ya zahanati mpaka kule kwenye miamba. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi. Jina la kampuni na la kijiji siyataji, msinisumbue PM.

Niseme mapema nisieleweke vibaya. Mradi siupingi. Aliyelala Singida usiku mmoja wa Agosti anajua ule upepo ni mali. Ninalolalamikia ni picha.

Mshauri elekezi alileta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kitabu kinene. Udongo una kurasa zake, popo na ndege wana zao, vumbi la malori, ajira, ukimwi, vyote vimo. Mandhari imepewa mistari minne. Inasema eneo letu halina thamani ya kimandhari kwa kuwa si hifadhi wala kivutio cha watalii, kwa hiyo athari ni ndogo. Chini yake picha moja ya ukubwa wa A4, imepigwa mlangoni pa zahanati, mapangaboi yamebandikwa kwa kompyuta. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja akasema mbona ni njiti tu za kiberiti, watu wakacheka, mkutano ukahamia kwenye fidia.

Mimi kazi yangu ni kupima, nikatoa rula. Mtambo mmoja una mita 130 toka ardhini hadi ncha ya panga likiwa limesimama juu. Toka zahanati mpaka mtambo wa karibu ni kilomita 2.5. Kwenye karatasi ulikuwa na sentimita 1 kamili. Sasa hesabu ya darasa la saba: gawa urefu kwa umbali, zidisha kwa umbali wa karatasi toka jichoni. Ukishika karatasi kama gazeti, sentimita 50 hivi, 130 gawa kwa 2500 mara 50, unapata sentimita 2.6. Ukitaka picha ile iseme kweli, uishike sentimita 19 toka puani. Nani anatazama picha hivyo?

Sidhani kuna mtu alikaa akapanga kudanganya. Alipiga kwa simu. Kamera kubwa ya simu nyingi ina lenzi pana, ya kuingiza watu wote kwenye picha ya harusi, na lenzi pana inasukuma vya mbali viwe vidogo. Hata miamba yetu kwenye picha ile ilionekana kama kokoto. Hapo ndipo wazee wangetakiwa washtuke: kama mwamba unaoujua toka utoto umenywea, na mapangaboi yamenywea vilevile.

Swali langu: kuna mwenye uzoefu wa namna jambo hili linavyofanywa likafanywa sawasawa?

#2 Chapa_Kazi

Mkuu, kijiji kizima kinachaji simu kwa sola ya dukani halafu wewe unapima njiti kwa rula. Mandhari hailiwi. Watu kama nyie ndio mnachelewesha nchi.

#3 Mama Alizeti

Naweka kigoda hapa. Na mimi ni wa Singida, upande wa Ikungi.

#4 Binti wa Ngong

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi nimekulia Ngong, nimeyaona mapangaboi yakiongezeka nikiwa nakua.

Ya kwanza yalikuja 1993, mawili tu, msaada wa Ubelgiji. Madogo. Watu walikuwa wanayaonyesha wageni. Mwaka 2009 yakaja sita ya maana, halafu kufikia 2015 mengine yakaongezwa mpaka yakafika 30 ya aina hiyo, megawati 25.5 kwa jumla. Siku hizi Jumamosi vijana wa Nairobi wanapanda pale kupiga picha, na mapangaboi yenyewe ndiyo wanayoyafuata. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kila jicho linachukia.

Lakini angalia jinsi yalivyokuja. Mawili, sita, thelathini. Hakuna siku mtu alisimama Kiserian akaulizwa, "Mgongo huu wa milima ukiwa na thelathini, unaonaje?" Kila mara swali lilikuwa la yale ya kuongeza tu. Wewe muulize mshauri wako awamu ya pili ina ngapi. Lazima kuna awamu ya pili.

Halafu ya Ngong ni madogo, rota, yaani duara la mapanga, upana wake mita 52. Nenda Kipeto, hapohapo Kajiado: ni 60, rota mita 103. Mtu aliyezoea Ngong akienda kule anahisi amepunguzwa kimo.

#5 MpimaViwanja

@Chapa_Kazi ndugu yangu, mandhari hailiwi kweli, lakini hata umeme wenyewe usidhani utashuka pale kijijini. Unapanda kwenye gridi ya taifa. Kule Ziwa Turkana wamesimika mitambo 365, megawati 310, na laini inabeba umeme zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa ndiyo ugawanywe. Kijiji kinachobaki na mnara kinabaki kuutazama. Kwa hiyo kuutazama ndiyo sehemu yake ya mradi, na sehemu hiyo ndiyo iliyopewa mistari minne.

@Binti wa Ngong asante sana. Awamu ya pili ipo, imo kwenye kiambatisho. Sikuiona mpaka uliposema nikarudi kuangalia.

#6 Mbeba Boksi

Niko Glasgow mwaka wa tisa, nimefanya kazi kwenye kampuni ya kuandaa ramani za miradi kama hii. Huku Scotland ni vita ya kila siku. Karibu na hapa kuna Whitelee, mitambo 215, megawati 539, na watu wanakwenda kuendesha baiskeli katikati yake. Wakati huohuo kuna mradi wa mitambo kumi tu unaokataliwa kwa sababu ya kilima kimoja.

Kwa kifupi wanafanya hivi. Kwanza ramani ya mwonekano. Kompyuta inachukua umbo la ardhi, inasimamisha mitambo, inauliza kila kipande cha ardhi: ukiwa hapa, unaona mingapi? Kwa mtambo wa mita 130, mwongozo wa Scotland unataka ramani ifike kilomita 35. Wewe mpima unaweza kuifanya mwenyewe: data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zilizopimwa toka angani, ni bure, na QGIS, programu ya ramani, ni bure. Usisahau kuweka mkunjo wa dunia. Kwa kilomita 20 tu unaficha kama mita 27 za chini ya mnara. Na kumbuka ramani hiyo haijui miti wala nyumba. Inatoa hali mbaya kuliko zote.

Pili vituo vya kutazamia. Hivi vinakubaliwa na halmashauri KABLA ya kupiga picha. Hapo ndipo mchezo unachezwa. Anayechagua mahali pa kusimamia ndiye anayechagua matokeo. Nimeona kituo kimewekwa nyuma ya zizi la ng'ombe, zizi limeziba nusu ya mitambo, ripoti inasema "mwonekano umezuiwa kwa kiasi".

Tatu ndiyo picha. Kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 50, kwenye tripodi, na karatasi kubwa. Picha ya panorama inachapwa upana wa sentimita 82, na pembeni inaandikwa uishike umbali gani. A4 wangeirudisha siku hiyohiyo.

Nne, wanapima vitu viwili: mtazamaji ni mwepesi kuguswa kiasi gani, na badiliko ni kubwa kiasi gani. Mkazi nyumbani kwake na mtu anayetembea kwa kufurahia nchi wanawekwa juu. Dereva barabarani katikati. Mtu aliye kazini chini, kwa sababu macho yake yako kwenye kazi.

#7 MpimaViwanja

@Mbeba Boksi umenifungua macho kuliko unavyodhani. Hiyo namba nne NIMEIONA kwenye kiambatisho cha ripoti yetu! Jedwali zima limehamishwa kama lilivyo. Watalii: juu. Wakazi majumbani: juu. Wakulima na wafugaji mashambani: chini, "kwa kuwa wako kazini".

Tukae hapa kidogo. Uskoti mtu aliye kazini ni mtu wa ghalani au kiwandani, saa nane ndani ya kuta, akitoka anarudi kwenye nyumba yenye dirisha kubwa linalotazama bonde. Kwa huyo jedwali lina akili. Mama yangu nyumba yake ina dirisha la kuingiza mwanga na hewa, hakuna anayekaa dirishani. Ndani ni pa kulala na kuhifadhi magunia. Maisha yake yako nje: shamba la alizeti toka alfajiri, kisimani, chini ya mti anachambua mboga, njiani kwenda mnadani. Anapoinua mgongo kupumzisha kiuno, anatazama miamba. Anajua saa kwa kivuli cha ule mwamba mkubwa. Anajua mvua inatokea upande gani wake. Halafu jedwali linasema huyo ni mtazamaji wa daraja la chini kwa sababu ana jembe mkononi.

Na kijana anayechunga? Siku nzima hana kazi nyingine ila kutazama mbali. Kama kuna mtaalamu wa kutazama upeo wa macho nchi hii ni mchungaji.

Kwa hiyo wakazi wanahesabiwa wakiwa ndani, ambako hawapo, na wakiwa nje, ambako wapo, wanapewa daraja la chini. Mtalii ambaye hajawahi kufika anapewa la juu. Ukijumlisha, kijiji kizima kinatoka sifuri. Mistari minne ilitokea hapo, na wala si kwa uvivu. Jedwali lilifanya kazi yake vizuri, ila lilikuwa jedwali la nchi nyingine.

#8 Chapa_Kazi

Hapo kwenye jembe umenipiga kidogo. Endelea.

#9 Mkulima wa Nyandarua

Mimi ni wa Kinangop, Kenya. Huku ilikuwa mitambo 38, megawati 60.8. Mradi ulikufa 2016 na hakuna hata mmoja uliosimama. Watu waliandamana, kuna aliyepoteza maisha 2015.

Ukiuliza sababu utaambiwa ni ardhi, fidia, uvumi wa magonjwa. Ni kweli yote. Lakini mimi nilikaa kwenye mabaraza yale. Mtu hawezi kusimama mbele ya chifu aseme "sitaki kwa sababu nitakuwa nikiona kitu hicho kila siku kutoka jikoni." Atachekwa. Kwa hiyo anatafuta neno linaloheshimika: ng'ombe watatupa mimba, watoto wataugua. Hofu ya kitu kikubwa kisichojulikana ukubwa wake haina jina lake, inavaa nguo za hofu nyingine. Laiti tungeonyeshwa mapema kitu chenyewe kwa kimo chake, wengine wangepinga kabisa na wengine wangetulia. Sisi tulionyeshwa kijikaratasi, kila mtu akajaza kimo kwa akili yake.

#10 Mama Alizeti

Maswali mawili jamani. Kivuli cha mapanga kinachokatakata kwenye nyumba, huku kwetu kitafika wapi? Na usiku yanawaka taa? Kwetu usiku ni giza la kweli, nyota unazihesabu.

#11 Mbeba Boksi

@Mama Alizeti taa nyekundu za ndege huwekwa mara nyingi, kutegemea kimo na mamlaka ya anga. Nchi yenye giza inaziona mbali sana, na ripoti nyingi zinapiga picha za mchana tu. Daini picha ya usiku.

Kivuli: desturi ya Uingereza ni kuangalia nyumba zilizo ndani ya mara kumi ya upana wa rota, kwa hiyo kama kilomita moja kwenu, upande wa kaskazini, mashariki na magharibi. Wajerumani wana kikomo: saa 30 kwa mwaka, dakika 30 kwa siku.

#12 MpimaViwanja

Ongeza hapo jambo moja mkuu, kwa sababu na hilo limenakiliwa bila kufikiri. "Upande wa kaskazini" ni wa Ulaya, ambako jua linakaa kusini na chini mwaka mzima. Sisi tuko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu linachomoza karibu na mashariki halisi, linapanda juu ya kichwa, linazama magharibi. Kivuli kirefu kinakwenda magharibi asubuhi na mashariki jioni, basi. Hata Juni, jua likiwa kaskazini kabisa, saa sita mchana kivuli cha mtambo wa mita 130 hakizidi mita 70 hivi kuelekea kusini. Mwenye nyumba nusu kilomita kaskazini au kusini ya mtambo hakimgusi. Mwenye nyumba nusu kilomita mashariki atakipata jioni za miezi fulani, tena kwa nguvu, kwa sababu kiangazi chetu hakina mawingu.

Kwenye ramani ya ripoti, kitongoji kilicho kaskazini kimepakwa rangi ya hatari. Kilicho mashariki kimepakwa vilevile, sawasawa. Kwa hiyo wamewatisha bure watu wa kwanza na kuwapunguzia uzito wa pili.

@Mama Alizeti kipimo cha mkononi, huhitaji kompyuta. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba. Mtambo wa mita 130 ukiwa kilomita 4, kimo chake ni sawa na upana wa kidole hicho. Ukiwa kilomita 14 ni sawa na mwezi mpevu. Na mwezi haupungi mikono, kitu kinachozunguka jicho linakifuata hata kikiwa kidogo.

#13 Mufindi Chai

Huku Mufindi tunayo matatu ya Mwenga, megawati 2.4, toka 2020. Matatu kwenye nchi ya vilima na misitu, unayaona, yanapotea, unakata kona unayaona tena. Mie nayapenda. Ila ni matatu, na vilima vinasaidia. Nyie wa Singida tambarare hamna pa kuyaficha.

#14 Binti wa Ngong

Swali kwa mpima: ni afadhali mengi madogo au machache makubwa? Turkana walichukua madogo, kilowati 850 kila moja, rota mita 52 kama yetu.

#15 MpimaViwanja

Turkana barabara ndiyo iliamua mengi. Ilibidi watengeneze kilomita 208 toka Laisamis ndipo mizigo ipite, na panga refu halikati kona za kule. Ukigawa hesabu tu, megawati 310 kwa mitambo ya megawati 3 ni kama 103 badala ya 365. Macho yangu yanapendelea machache, na makubwa yanazunguka taratibu, madogo yanakwenda mbio kama feni. Lakini makubwa yanakudharaulisha kilicho jirani yake. Turkana jirani ni mlima Kulal, haudharauliki. Kwetu jirani ni mwamba wa mita 40.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Mitambo miwili kati ya yote imepangwa nyuma ya ule mwamba mkubwa. Ukitokea kisimani, mwamba utakuwa chini na panga litakuwa linapita juu yake kama mtu anayefagia. Wazee wana mambo yao na mwamba ule, mambo ya mvua, ambayo hakuna atakayeyasema mbele ya mgeni mwenye kalamu. Kwenye ripoti kuna mstari: "hakuna maeneo ya ibada yaliyotajwa na jamii." Ni kweli, hayakutajwa.

#16 MpimaViwanja

Mrejesho, wakuu. Nimetoka kijijini jana.

Nilifanya kama @Mbeba Boksi alivyosema, kwa uwezo wangu. Kamera ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi, lenzi ya 50, tripodi ni ile ya kazini. Nilipiga vituo sita baada ya mvua, vumbi likiwa limetulia, kwa sababu Septemba nchi yote ni ukungu wa moshi na mtu anaweza kukuambia "mbona hata hayataonekana". Nikachapa A3 kwenye steshenari ya mjini, mbili mbili nikaziunga na gundi. Kuna rafiki alinisaidia kusimamisha mitambo kwenye kompyuta kwa vipimo vya ripoti yenyewe, sikuongeza hata mita.

Vituo nilivichagua mimi, nikajiona mjanja: zahanati, shule, kisima, mnadani, njia panda, uwanja wa mpira. Kwenye mkutano bibi mmoja akazitazama zote, akanirudishia. Akasema, "Baba, hapa pote mimi napita. Ninapokaa hujapiga." Nikamuuliza wapi. Akanionyesha kwa kidevu: kaburi la mumewe, ukingoni mwa shamba. Ndipo anapokaa jioni. Tukaenda, watu kama kumi na mshauri elekezi pia. Toka pale yanaonekana yote. Yote kabisa, pamoja na yale mawili ya nyuma ya mwamba.

Mshauri hakubisha. Ni kijana msomi, alisema wazi kwamba jedwali alilikuta ofisini na hakuwahi kuulizwa juu yake. Amekubali kwenye muhtasari wa kikao kurudia picha kwa vituo saba, pamoja na cha usiku, na kupaka upya ramani ya vivuli. Kuhusu mitambo miwili hakuahidi, anasema ni ya mhandisi wa upepo, kila nafasi ina hesabu yake ya fedha. Mzee aliyesema njiti za kiberiti alishika karatasi muda mrefu. Mwisho akasema anataka mradi, na anataka ile miwili isogezwe, na haoni kwa nini ahesabiwe mpinzani. Wengi walikuwa upande wake. Kura imesogezwa hadi picha mpya zije.

#17 Mama Alizeti

Huyo bibi apewe ajira kwenye mradi.

#18 Chapa_Kazi

Mkuu, yale maneno ya kwanza niyafute? Hebu nirushie ile hesabu ya kidole gumba na jina la hiyo programu ya ramani. Niko kwetu Makambako tangu Jumatatu, wameleta mnara wa kupimia upepo kwenye kilima cha nyuma ya nyumba ya mzee, na hakuna aliyetuambia ni wa nini.